Shangazi na Namba Isiyoandikwa

Usimuone mwanamke amebeba katoni la wino wa printa ukadhani amepoa. Shangazi, ndivyo alivyoitwa hospitali nzima, kuanzia mkurugenzi hadi wafagizi, alikuwa na hasira ya miaka miwili, na hakuna siku aliyoisahau nyumbani. Aliamka nayo, akapanda nayo ngazi za ghorofa nne, akala nayo chakula cha mchana peke yake katika chumba cha vifaa, katikati ya kibodi mbovu na printa zilizokatika meno.

Zamani kazi yake haikuwa printa. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyeitunza seva, ile mashine kubwa inayobeba kumbukumbu za wagonjwa wote: nani amelazwa wapi, ana damu ya kundi gani, dawa ipi ikimgusa inamvimbisha. Aliijua mashine ile kama mtu anavyomjua mume mkorofi. Ikikoroma vibaya, aliinuka kitini kabla taa nyekundu haijawaka.

Halafu akaletewa msaidizi. Wauguzi walimbandika jina la Tai, kwa sababu hata kutambaa chini ya meza kuchomeka waya alitambaa na tai shingoni. Alikuwa mwepesi wa maneno, Tai, na mzuri wa kuchora michoro ya rangirangi kwenye vikao. Shangazi alimfundisha kila kitu. Akampa hata paswedi yake, maana ndivyo walivyofanya kazi pale, paswedi moja kwa wote, na nani alikuwa na muda wa kuomba nyingine ofisi kuu ukasubiri miezi mitatu? Kosa lake hilo. Analijua, wala hataki kukumbushwa.

Ili uelewe alivyofanyiwa, elewa jambo moja. Kanzidata ya hospitali, yaani ghala la taarifa za wagonjwa ndani ya seva, si kitu kimoja. Ni kundi la watumishi ndani ya mashine, na wote wanafanyia kazi juu ya meza moja. Meza hiyo ndiyo kumbukumbu ya pamoja. Ukubwa wake hupangwa kwa namba katika mfumo endeshi wa mashine. Ukiweka namba ndogo, watumishi hawapati pa kutandaza mafaili, na wakikosa kabisa wanagoma hata kuingia kazini. Ukiweka kubwa mno, meza inajaza chumba na mashine yenyewe inakosa pa kusimama.

Siku moja, saa tano asubuhi, Shangazi akiwa kwenye kikao, Tai alijifanya mjuaji. Alitaka kumwonyesha mkurugenzi kwamba anaweza kuiongezea seva kasi. Akaipa kanzidata karibu kumbukumbu yote ya mashine. Mashine ikahema, ikahema, mwishowe ikaiua kanzidata ili yenyewe ipone. Kwa saa nne nzima hospitali ikawa gizani.

Ripoti aliiandika nani? Tai. Akaandika kwa Kiswahili kilichopigwa pasi: "uzembe wa mtunza kanzidata." Na kwa kuwa kazi yote ilifanyika kwa paswedi ya Shangazi, ushahidi ukamnyooshea yeye kidole, na hakuna aliyeuliza saa ile alikuwa wapi. Wiki ya pili Tai akawa mkuu wa kitengo. Shangazi akapewa printa.

Hayo angeyameza. Kilichomkaa kooni ni mdogo wake. Mdogo wake wa tumbo moja ndiye muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, na siku ile alikuwa na mama aliyejifungua anayemwaga damu, faili lake limo ndani ya seva, na seva imekufa. Mama yule alipona, lakini ilikuwa ya kuponea chupuchupu. Muuguzi aliisoma ripoti jioni ileile, akamfuata dada yake moja kwa moja ofisini na sare ina madoa.

"Dada," akasema, "mgonjwa wangu anaishiwa damu, wewe unacheza na namba?"

"Si mimi, mdogo wangu. Wallahi si mimi."

"Jina lako liko pale."

Tangu hapo basi. Waliishi nyumba moja waliyoachiwa na wazazi, ukuta mmoja kati yao, na maongezi yao yakawa ya funguo na mtungi wa gesi. Mdogo mtu alimsalimia kwa adabu zote, "Shikamoo dada," halafu anapita. Salamu ile ilimuuma Shangazi kuliko tusi.

Kwa hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: Tai aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, mbele ya mdogo wake, kwamba ni yeye. Basi. Cheo mpeni anayekitaka.

Mwezi wa tatu wa mwaka huu, Tai akaanza kuvimba kichwa tena. Safari hii alikuwa amenunuliwa mashine mpya yenye kumbukumbu nyingi, akaipangia namba, na kusema kweli ripoti zikawa zinatoka chapuchapu. Akapigiwa makofi. Shangazi alikuwa na kaupenyo kadogo ndani ya seva, ka kuangalia foleni ya printa tu, lakini kalitosha kusoma. Akachungulia. Namba iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa kubwa, nzuri, imepangwa vizuri hata. Akafungua faili la mipango, lile ambalo mashine hulisoma kila inapowashwa. Mle ndani ilikaa namba nyingine kabisa, ndogo, ya mashine ya zamani, iliyohamishwa pamoja na makorokoro mengine.

Shangazi akakaa chini, akacheka mpaka akakohoa. Mtu mzima huyu ameiambia mashine kwa mdomo, hakuandika! Ni kama kumwambia mlinzi wa zamu fungua geti lote, na kitabu cha zamu kinasema fungua nusu. Mlinzi huyu akiwepo, mambo shwari. Zamu ikibadilika, anayekuja anafuata kitabu. Siku seva itakapozimwa na kuwashwa, itasoma namba ndogo, kanzidata itadai meza kubwa, itanyimwa, na haitaamka.

Kuirekebisha ilikuwa mistari miwili tu. Angeweza kumwambia palepale. Angeweza hata kumpigia simu bila kutaja jina. Thubutu! Alifunga kompyuta, akaenda kubadilisha wino wa maabara, na tangu siku hiyo akaanza kuimba akipanda ngazi. Wafagizi wakasema Shangazi kapata mchumba.

Miezi saba alisubiri. Kila umeme ulipokatika alisimama mlangoni, roho juu, na kila mara jenereta ikawahi. Ndipo likaja tangazo: Alhamisi saa nne asubuhi seva itazimwa kwa nusu saa, ihamishiwe chumba kipya. Wakuu wa wodi wote waalikwe kushuhudia, na mkurugenzi atakata utepe. Aliyesaini: Tai.

Alhamisi hiyo Shangazi alivaa gauni lake la harusi za watu, lile la zambarau, na juu yake akavaa koti la kazi. Akaketi chumba cha vifaa, mlango wazi, printa ya famasi imefunuliwa tumbo mbele yake. Saa nne akasikia makofi ya utepe. Saa nne na nusu akasikia kimya. Saa tano akasikia viatu vinakimbia.

"Mashine imewaka, mfumo hauwaki," mfagizi alimletea habari. "Ameizima tena, ameiwasha tena. Ameifungua, Shangazi. Anatoa vijiti vya kumbukumbu anavipuliza kwa mdomo!"

"Apulize," akasema Shangazi. "Vina vumbi."

Akajipa chai, akaweka na sukari ya ziada. Saa sita kasoro, huko chini wodini, wauguzi walikuwa wanapiga mbio na vikaratasi, majina yameandikwa kwa mkono, wengine wanauliza wagonjwa wenyewe damu zao kundi gani. Shangazi alisikia yote hayo kupitia ngazini. Nisikufiche, kuna wakati aliinuka. Alifika hadi mlangoni. Kisha akaikumbuka ile "Shikamoo dada," akarudi akaketi.

Saa sita na nusu Tai akaja mwenyewe. Tai yake ilikuwa imelegea, imekaa begani, na jasho jembamba linamchuruzika.

"Shangazi, nisaidie. Mkurugenzi amesema nikuite."

"Keti basi. Mkuu wa kitengo hasimami."

"Shangazi, tafadhali. Inasema haipati kumbukumbu ya pamoja, na kumbukumbu ipo tele! Nimeihesabu!"

Shangazi alifuta vidole vyake kimoja kimoja. "Nitakuja. Lakini kwanza utasema. Mbele ya mkurugenzi, mbele ya wakuu wa wodi, mbele ya mdogo wangu. Siku ile, saa tano asubuhi, nani aliandika namba?"

"Nitafukuzwa."

"Mimi nimebeba wino miaka miwili."

"Shangazi, nina watoto."

"Na mimi nina mdogo wangu," akasema, na sauti ikamkatika kidogo, akakasirika kwa kukatika kwake. "Hutaki? Nenda kapulize."

Tai akageuka. Akatangulia.

Chumba kipya kilinukia rangi. Utepe uliokatwa ulikuwa bado sakafuni. Mkurugenzi alikuwa amevua koti, karani wake ameshika daftari la kumbukumbu za kikao, na wakuu wa wodi, waliorudi kudai majibu, wamejipanga ukutani na nyuso za kugombana. Mdogo mtu alikuwa wa mwisho, karibu na mlango, mkononi ana rundo la vikaratasi.

Na Tai akasema. Alianza kwa kuzunguka mbuyu, mara mazingira ya kazi, mara shinikizo, na Shangazi akamkata jicho moja tu. "Ni mimi," akasema Tai, akiangalia viatu. "Siku ile. Niliandika mimi, kwa paswedi yake. Na ripoti niliandika mimi. Yeye alikuwa kikaoni."

Mkurugenzi akamgeukia karani. "Andika hayo. Neno kwa neno."

Kalamu ikakwaruza. Shangazi hakumtazama Tai hata kidogo. Alikuwa anamtazama mdogo wake, na aliona macho yakijaa, na ule mkono mtupu ukipanda kifuani. Miaka miwili aliisubiri sura ile. Moyo wake ulijaa ukafurika, ukataka kupiga vigelegele mbele ya mkurugenzi.

"Haya, kaa," akamwambia Tai, kwa raha zake, akisimama nyuma ya kiti na mikono kwenye mifuko ya koti. "Fungua faili la mipango ya mfumo endeshi. Shuka chini. Futa namba hiyo. Andika: moja, saba, moja, saba, tisa, nane, sita, tisa, moja, nane, nne. Mstari unaofuata ni ule unaohesabiwa kwa kurasa za kumbukumbu. Nne, moja, tisa, nne, tatu, sifuri, nne. Hifadhi. Iambie ilisome faili upya. Sasa amsha kanzidata."

Ikaamka. Majina ya wagonjwa yakamiminika kwenye kioo, na watu wakapumua kwa pamoja. Mtu mmoja alianza kupiga makofi. Mkurugenzi akasema, "Dakika tatu! Shangazi, wewe ulikuwa unafanya nini kwenye printa?" na wote wakacheka, cheko la watu waliookolewa.

Mdogo wake peke yake hakucheka. Alikuwa ameacha kulia. Muuguzi wa miaka ishirini, kazi yake ni kuona kitu kimoja kisichokaa sawa kwenye chumba kizima.

"Dada," akasema, "hukutazama kioo."

"Nini?"

"Umeingia, hukuuliza tatizo nini. Hukusoma kitu. Umetaja namba kichwani." Akasogea, vikaratasi bado mkononi. "Ulijua."

Shangazi angeweza kusema ni uzoefu. Wote wangeamini, hata Tai angeamini. Lakini aliyeuliza ni huyu, na uongo kwa huyu ndio kitu alichokuwa anakipigania kisiwepo.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Mdogo wake alikitoa kikaratasi kimoja kwenye rundo, akakitazama, akakirudisha. "Nina binti kitanda cha tisa," akasema taratibu. "Miaka kumi na tisa. Saa tano na robo alihitaji damu. Tumempima upya, tumesubiri, tumemtia damu akiwa amekwisha kupoteza fahamu. Sijui kama ataamka. Wewe ulikuwa wapi, dada?"

Shangazi alikuwa anakunywa chai. Hilo ndilo jibu, na hakulisema.

Mdogo mtu akamgeukia karani, aliyekuwa anafunika kalamu yake.

"Usifunge daftari," akamwambia. "Andika na hilo, kwamba alijua tangu mwezi wa tatu. Neno kwa neno."

Kisha akamuinamia Shangazi kichwa, kwa adabu zote, akatoka mbio kurudi wodini.