Blogu Yangu ya Ukweli Ilimtoa Papa Séraphin Kwenye Korali

Kosa ni langu. Niacheni niseme hivyo mapema, kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa dakika ya kujitetea, hata shetani nitamtoa gerezani!

Mimi ni mshonaji hapa Bukavu. Cherehani yangu iko kibarazani kwetu Nguba, na mvua ikinyesha hakuna mteja anayeshuka ule mteremko wa matope. Siku kama hizo ndizo zilizonipa wazo la kuandika blogu. Binamu yangu Arsène, anayejifanya daktari wa mambo ya mtandao, aliposikia akaja na mafundisho.

"Yaya, dada yangu, andika kila siku. Titre, kichwa cha habari, ipige kelele. Chagua sujet moja tu, usirukeruke. Na weka picha yako ukicheka. Bila ile, hakuna mutu atakusoma."

Nikamcheka usoni!

"Miye sitafuti batu, Arsène. Miye natafuta ukweli. Nitaandika ile iko mu roho, siku roho itataka. Mwenye hataki kusoma, akae kwake."

Ee kiburi changu! Blogu nikaiita Ukweli Bila Poda. Nikaandika juu ya koti nililolishona likawa na mikono miwili ya kushoto, nikamdanganya mteja kwamba ni mtindo mpya. Nikaandika juu ya wigi langu lililochukuliwa na upepo sokoni, mbwa akalikimbiza akidhani ni sungura. Mambo yangu mwenyewe, aibu zangu mwenyewe. Hakuna aliyesoma, na mimi nilikuwa nalala kama malkia.

Kisha nikaandika juu ya korali.

Mimi naimba alto katika korali ya parokia yetu. Maestro wetu anayetuongoza, Papa Boniface (kwetu papa ni baba), ni mtu mwema sana. Ana moyo wa dhahabu, lakini koo, mama yangu! Akiimba, utadhani mbuzi ameona kisu. Korali nzima inajua. Parokia nzima inajua. Basi nikaandika juu ya mwimbaji mmoja, nikamwita Papa Mbuzi: anavyofunga macho, anavyoinua kidevu, anavyotetemesha sauti mpaka mishumaa inaogopa.

Kumbe Arsène alikuwa ametupa ile blogu kwenye kundi la simu la parokia bila kuniambia, wala bila kusema ni ya nani. Na jioni hiyo nikapata maoni yangu ya kwanza! Mtu anayejiita Sikio la Kivu aliandika: "Dada, nimecheka mpaka bibi yangu akauliza kama niko mugonjwa. Huyu Papa Mbuzi, mutupe tena!"

Jamani, mimi niliyesema sitafuti watu! Mtu mmoja tu, nikalewa. Koti na wigi nikavisahau. Kila juma ikawa Papa Mbuzi. Na mambo yake ya kweli yalipokwisha, nikaanza kutunga. Niliandika kwamba aliimba Aleluya na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, mdomoni, akatema, kasamaki kakaruka mpaka juu ya upara wa padri. Uongo mtupu! Kwenye blogu ya ukweli! Sikio la Kivu akajibu kwamba amejikunja kwa kicheko mpaka ameanguka kitandani.

Jumamosi moja kwenye mazoezi, Papa Boniface akapiga makofi tunyamaze. Akavaa miwani, akatoa simu, akaanza kutusomea.

Nikasikia maneno yangu! Akasoma ile ya sambaza yote, akapangusa machozi ya kicheko, akasema kwa fahari, "Hii blogu, miye sikosi hata posti moja. Sikio la Kivu, njo miye mwenyewe!"

Wote walicheka, lakini wakicheka waliangalia viatu vyao. Kila mtu pale alijua Papa Mbuzi ni nani. Ni mmoja tu aliyekuwa hajui, na ndiye aliyeshika simu.

"Sasa," akasema, akaacha kucheka, "huyu Papa Mbuzi iko hapa kati yetu. Sikukuu ya parokia iko karibu, hatuwezi kupata haya mbele ya wageni. Nimefikiri, nimesali. Nani anafungaka macho akiimba? Papa Séraphin!"

Papa Séraphin! Muzee wa besi, dereva wa zamani wa malori ya kwenda Walungu, mjane mpole, mwenye sauti inayokupa joto kama uji. Ndiye aliyekuwa aimbe solo ya matoleo.

"Maestro, miye nafunga macho juu ya kusali," akasema polepole.

"Bon, papa, usali ukiwa mu banc pamoja na waumini. Solo nitaichukua miye."

Na mimi? Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na miguu, nilikuwa na ule ukweli wangu wote. Nikakaa! Papa Séraphin akachukua kofia yake, akatuangalia mmoja mmoja, kama anatusubiri. Wote tukaangalia viatu vyetu tena. Akatoka.

Ikafika sikukuu. Kanisa limejaa mpaka nje. Kwenye matoleo, akina mama wanacheza wamebeba ndizi, maharagwe, kuku, na nyuma yao mbuzi mmoja mweupe anavutwa na kamba. Papa Boniface akafunga macho, akainua kidevu, akashika mikro.

"Pokeeeea, Baaaba..."

"Mèèèèè!" mbuzi akaitika.

Maestro, kwa ujasiri, akarudia kwa nguvu zaidi. Mbuzi naye akarudia kwa nguvu zaidi! Akavuta kamba, akamponyoka mama aliyemshika, akapanda ngazi kuja kwenye korali kama aliyeona ndugu aliyepotea miaka mingi. Bibi mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Mumuache, anamujua!" Padri akajificha uso kwa kitabu cha misa, mabega yakimcheza.

Papa Boniface akafungua macho. Akamwangalia mbuzi. Akatuangalia sisi. Wote tulikuwa tunaangalia viatu. Nikaona jambo linaingia kichwani mwake taratibu.

"Ni... miye?" akauliza.

Mikro ilikuwa bado mdomoni. Kanisa zima likasikia!

Walicheka mpaka benchi zikalia. Arsène aliyapiga picha yote kwa simu, akaweka mtandaoni na titre inayopiga kelele, na watu wakatucheka mpaka mbali kule Luvungi. Mimi sikucheka. Baada ya misa nilimkuta maestro nyuma ya sakristia, amekaa juu ya ngoma.

"Maestro, ile blogu ni yangu."

Nilitaka anitukane. Aliniuliza tu, "Na ile ya sambaza?"

"Ile nilitunga, maestro."

"Aa." Akatikisa kichwa. "Ile njo nilipendaka zaidi." Kisha akageuka kuniangalia. "Miaka yote hii, na hakuna hata mutu moja alinambia?"

Tukaenda wote wawili kwa Papa Séraphin. Alikuwa mlangoni anamenya viazi. Nikapiga magoti, nikasema yote. Maestro naye akaomba msamaha, akilia wazi. Muzee alitusikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Mwanangu, weye nimekusamehe. Maestro naye, nimemusamehe, hakujua. Lakini korali yote ilijua, na ikaniacha nitoke. Pale sitarudi."

Na hakurudi. Anaimba katika parokia moja ya Kadutu, na wanasema watu wanakuja mapema wapate nafasi karibu naye. Papa Boniface bado anatuongoza, ila kwa mikono tu, mdomo ameufunga, na hiyo inaniuma kuliko sauti yake ilivyoniuma. Mimi nilifuta blogu, na kama malipizi ninawashonea wanakorali wote kanzu mpya, bure. Mikono ya kushoto na ya kulia, naangalia mara mbili!

Wenzangu mnaotaka kuandika ukweli, ninawasihi: ukweli wa mtu mwambie yeye kwanza, usoni, kwa upole. Ukiona huwezi, basi usiuandike. Na siku ukisikia mwingine analaumiwa kwa kosa lako, simama! Simama hata kama unaogopa. Mimi nilikaa kimya kwa muda wa mtu kuvaa kofia yake tu, na sasa kila Jumapili tunaimba, na pale chini, mahali pa besi, hakuna kitu.