Niliita Kamina Yote Kupokea Treni Ambayo Haijatoka

Mkinikuta sokoni na mama fulani akainua kitenge juu kama mshika kibendera wa pembeni, msiulize. Jina langu sasa ni Hors-jeu, nimelipata kwa haki, na kwa kuwa mtalisikia tu kwa wengine wakiliongezea chumvi, afadhali niwasimulie mwenyewe.

Ujanani nilikuwa winga wa kushoto katika timu ya mtaa wetu wa watu wa reli. Mbio nilikuwa nazo kweli, lakini mabao yangu mengi yalikataliwa kwa sababu nilimfikia kipa kabla ya mpira kunifikia (kuotea huko, ndiko sisi huku tunakuita hors-jeu). Kocha wetu, Papa Kalenga, mtu wa treni maisha yake yote, hakuwahi kunifokea. Alisema tu: "Mutoto wangu, weye unakimbiaka mbele ya mupira."

Goti lilipovunjika nikajifungia nyumbani nikilia kama mjane, na ni yeye aliyekuja kunitoa, akanishika mkono mpaka kwa mpwa wake aliyetengeneza simu sokoni, akamwambia, "Ni muguu njo iliumia. Mikono iko." Kutoka kwenye simu nikaingia kwenye kompyuta, kutoka kwenye kompyuta nikajifunza kuandika programu, kwa mtandao unaokuja na kuondoka unavyotaka wenyewe, na leo nina karakana yangu na watu wananiita patron, yaani bosi (walikuwa wananiita). Yote hayo ni yeye.

Sasa mnajua treni zetu. Mtu anapika, anaoga, anaenda kumpokea mgeni wake, anashinda stesheni mpaka bukari, ugali wetu, linakuwa jiwe. Nikatunga programu: Mwamba, kipa wetu wa zamani, anaishi kwenye kituo kidogo cha mwisho kabla ya mji wetu wa Kamina. Treni ikitoka pale ananipigia, nabonyeza, kila aliyejiandikisha anapata ujumbe. Na kwa busara yangu niliyoiona kubwa, niliiagiza programu irudie ujumbe tena na tena mpaka nibonyeze "imefika", ili aliye shambani asikose. Kitufe cha kusimamisha sikukiweka. Nani asimamishe kitu kizuri?

Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Papa Kalenga. Mke wake, Mama Ngoie, alikuwa Lubumbashi kwa binti yao, amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Aliondoka Kamina akiongozwa kwa mkono, miaka kadhaa hajauona uso wa mumewe, na sasa alikuwa anarudi anaona. Mzee aliniambia polepole, kama mtu anayeona haya: "Akishuka, miye njo nataka anione wa kwanza."

Siku ya uzinduzi karakana ilijaa, soda zinapata joto, padre ameshainyunyizia kompyuta maji ya baraka, wote wananitazama. Mwamba akapiga. "Treni imeingia hapa. Ngoja itoke njo utume." Nikajisemea, imeingia, itatoka tu, wageni wangu wangoje nini? Nikabonyeza.

Simu zote zikalia pamoja, watu wakapiga makofi, nikainama kushukuru kama nimefunga bao. Muda si muda Mwamba akapiga tena: kichwa cha treni kimeharibika, mafundi wako chini yake, leo haiendi popote.

Nilipofika stesheni nikichechemea, Kamina ilikuwa imenitangulia. Sufuria, watoto walioogeshwa, kwaya nzima kwenye sare zao. Nikapanda juu ya kreti kuwaomba radhi, na katikati ya sentensi simu zao zikalia tena zikiwaambia treni inakuja. Nikaomba radhi mara nyingine, zikalia. Kwa kiwewe, ili kuinyamazisha, nikabonyeza kwenye simu yangu kitufe pekee kilichobaki, "imefika", na programu yangu tiifu ikautangazia mji mzima kwamba treni imefika, na wale waliobaki nyumbani nao wakaja mbio, wengine na sabuni masikioni.

Ndipo mama mmoja muuza samaki, aliyetuona tukicheza zamani, akainua kitenge chake na kusema taratibu, "Hors-jeu." Stesheni nzima ikacheka. Nikatamani ardhi inimeze.

Papa Kalenga alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, amevaa koti lake la harusi. Nikamwendea kichwa chini. Akasogea kidogo. "Kaa. Bantu banacheka tu. Habakufa." Hilo liliniuma kuliko kitenge.

Asubuhi iliyofuata Mwamba akapiga: "Sasa imetoka. Nimeona mugongo yake na macho yangu." Nikatuma. Nani aje? Walinijibu kwa picha za vibendera. Hilo nililistahili, lakini mzee hakupaswa kuikosa treni hii; nikampigia Papa Kalenga, simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa.

Nikakimbia, jamani. Kwa goti hili hili, katikati ya mtaa, watoto wakinifuata wakipiga kelele. Nilimkuta anakunywa chai, koti limetundikwa mlangoni. "Simu ilikuwa inalia sana jana," akasema, "nikaifunga."

"Papa, treni."

Alinitazama sana. Halafu akachukua koti bila kuuliza neno lolote, na mimi mpaka leo sijaaminiwa na mtu namna ile. Nikampakia kwenye baiskeli yake nyuma, nikakanyaga pedali, goti likilia, honi ya treni ikitusindikiza.

Mama Ngoie alishuka akishika chuma cha mlango. Stesheni ilikuwa karibu tupu, kwa hiyo hakukuwa na uso mwingine wa kumzuia. Akamwona. Akasimama, akamtazama kuanzia viatu hadi mvi, taratibu, kama anayesoma.

"Papa," akasema, "weye ulizeeka hivi?"

"Njo weye ulikawia," akajibu mzee.

Nikageuka upande nikijifanya natazama mnyororo wa baiskeli.

Kitufe cha kusimamisha nimekiweka sasa, na sibonyezi kitu mpaka Mwamba auone mgongo wa treni. Watu wameanza kurudi, mmoja mmoja. Ila Papa Kalenga nimemfuta kwenye orodha ya ujumbe. Yeye akiwa na mgeni, naenda kumwita kwa miguu.