Samaki wa Mihirabuni

Nilikuwa bi harusi mpya, hata hina ya miguuni haijafutika, mume wangu alipokwenda kunywa maji ya vita. Dawa ile ilikuwa na mwiko: aliyeinywa asimkaribie mkewe mpaka Mdachi ashindwe. Basi akahamishia mkeka wake kwenye msikiti wetu wa kale wa mawe, nami nikawa nampelekea wali mlangoni kama mtu aliyeachwa. Nilikasirika. Nikauita msikiti ule mke mwenzangu, mashoga zangu wakacheka.

Wanawake tulisali nyumbani, sikuwahi kuuona ndani. Yeye alinihadithia huku akila. Nguzo, alisema, zimepangwa mstari mmoja katikati, zimeelekea kibla, hata anayesali nyuma ya nguzo hamwoni imamu, anasikia sauti tu. Aliyejenga alifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, hakumuuliza mtu. Na juu ya upinde wa mihirabu wamepachika mabakuli ya Kichina, la kati lina samaki wawili wa buluu. Hao samaki ndio walionimaliza.

Zikaja habari kwamba vijana wanapanda milimani kupigana. Walisema risasi za Mdachi zitageuka maji. Mimi sikuamini, na nilimtaka mume wangu mzima. Asubuhi ya safari nilitia udhu, nikamwambia kabla hajaondoka anionyeshe hao samaki. Akasita, kisha akanishika mkono. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya popo. Tulisimama mbele ya mihirabu tumeinua shingo, tukibishana kama ni samaki wawili au ni mmoja mwenye mkia wa ziada.

Tulipotoka, mzee aliyegawa dawa alikuwa mlangoni.

"Huyu mwanamke katoka wapi?"

Mume wangu akatazama chini. "Kaja mwenyewe, mzee wangu. Sikumfukuza."

Mzee akanigeukia. Neno langu moja, kwamba mwiko haukuvunjwa, lingemsafisha mume wangu. Nikajifunika kanga usoni, kama mwenye haya. Akaambiwa dawa yake imeharibika, abaki na wanawake.

Wenzake wengi hawakurudi, tukawalilia. Yeye alitaniwa mpaka ndevu zikawa nyeupe. Sijui kama siku ile alikuwa mjanja au mwoga, wala sijali.

Wajukuu huniuliza babu yao alinusurikaje. Nawaambia tulikuwa tunatazama samaki. Hawaniamini hata kidogo.