Baridi Si Sababu

Waendesha pikipiki wa hapa kwetu humwita mume wangu Mzee Shavu, na wageni hudhani ni kwa ajili ya unene wa uso. Uso wenyewe hauna nyama ya kumshibisha paka. Jina lilitokana na kazi. Yeye hutengeneza nguo za joto za waendesha pikipiki, vizibao na glavu zenye waya ndani, zinazovuta umeme kwenye pikipiki yenyewe. Kabla ya kumkabidhi mteja mzigo wake, huchomeka plagi, husubiri dakika tano, kisha hukilaza kizibao shavuni, mgongo kwanza, halafu kifua, akitafuta mahali palipozidi moto. Fundi mwingine angepima kwa mkono. Mkono wa kulia wa mume wangu hausikii moto wala baridi, wala nywele za mjukuu wake anapompapasa kichwa. Vidole vitatu vilikufa ganzi miaka kumi na moja iliyopita, na aliyeviua namjua.

Mimi ndiye ninayeshona. Tuna chumba kimoja kinachotazama barabara ya kupanda mlimani. Meza yake ya waya iko mlangoni, cherehani yangu iko dirishani. Yeye hupima na kukata, mimi huushonea waya ndani ya bitana. Waya hutambaa kwa mistari, vidole viwili kati ya mstari na mstari. Haupitishwi kwapani, maana mkono ukikunjwa mara elfu utakatika. Na kamwe mstari haupandi juu ya mwenzake, kwa sababu mistari miwili ikigusana hapo panawaka, panatoboa nguo kwanza na mwenye nguo baadaye. Hilo ndilo la kwanza alilonifundisha, na tangu niizoee kazi sijawahi kulikosea kwa bahati mbaya.

Zamani alikuwa mpeleka vifurushi. Kila alfajiri, kiza hakijaisha, alivuka mlima na mzigo wa ofisi, akarudi jioni midomo imepasuka. Si mtu wa kulalamika. Ni mtu wa kutafuta dawa. Alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu, akapata kiti cha gari lililogongwa, la aina ile yenye viti vya kupasha joto, akachuna waya wote ndani yake. Nikamshonea kizibao na glavu. Akafunga fyuzi karibu na betri na swichi kwenye usukani, na wiki moja nzima alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Wiki ya pili, Mkuu wa Kituo cha vifurushi aliuona mkia wa waya ukining'inia kiunoni mwake pale getini. Akauchomoa kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wenzake, akamvua kizibao na glavu, akavifungia kabatini. Kama unavitaka, akamwambia, andika barua ya maombi, ueleze sababu.

Mume wangu aliandika. Tuliiandika pamoja juu ya meza ya kulia chakula, kwa karatasi nzuri. Aliomba ruhusa ya kutumia nguo ya joto kwa sababu ya baridi ya mlimani, na akaweka hesabu: pikipiki inatoa wati mia na themanini, taa na injini zinakula tisini, kizibao na glavu vinataka sabini, zinabaki ishirini za kuchajia betri. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Barua ilirudi siku iliyofuata ikiwa na maneno ya wino mwekundu chini yake: "Baridi si sababu. Umeme wa pikipiki hautoshi kwa anasa." Na sahihi, ndefu, yenye mkia. Hakuwa amepima chochote. Hakujua hata betri imekaa wapi.

Wiki tatu baadaye mvua ya barafu ilimkuta mume wangu juu ya mlima, na alitumia saa tano kwa njia ya saa mbili. Alipoingia ndani, vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Niliviweka makwapani mwangu, na damu ilipoanza kurudi alilia. Sijamwona akilia kabla ya siku hiyo wala baada yake. Hospitali waliokoa vidole, hisia hawakuziokoa. Asiyeusikia mkono wake hawezi kushika breki, kwa hiyo ofisi ilimuaga kwa barua ya shukrani na mwavuli. Kizibao hakikurudi. Mwaka mzima nilimfungia vifungo vya shati kila asubuhi, na kila kifungo nilikifunga kwa jina la yule mtu.

Watu huniambia nisamehe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayetaka msamaha aje kwanza afunge vifungo.

Mwanzo wa baridi ya mwaka huu, pikipiki kuukuu ilisimama mlangoni, na akashuka mzee aliyejikunja, mikono kaitia makwapani. Nilimjua kabla hajavua kofia. Mume wangu naye alimjua, nikaona bega lake likisimama. Kisha akamwamkia shikamoo, kama alivyomwamkia miaka yote. Mimi shikamoo yangu niliimeza. Nilisema karibu, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Alikuwa amestaafu. Amefungua duka la chakula cha kuku ng'ambo ya mlima, anavuka kila siku, na mifupa imeanza kumdai ujana wake. Ameambiwa yupo mtu anaitwa Mzee Shavu. Alimtazama mume wangu usoni, karibu kama nilivyo karibu na sindano yangu, na hapakuwa na kitu machoni mwake. Alikuwa amemsahau. Miaka kumi na moja nimembeba mtu huyu kifuani kama jiwe, na yeye hakutubeba hata nusu siku. Hilo liliniuma kuliko wino mwekundu.

Akakaa kwenye benchi, akaanza kusimulia alivyosimamia vijana wa vifurushi enzi zake, watu wa kazi, hakuna aliyekuwa akilalamika. Wakati huo mume wangu alikuwa anapima kizibao cha mteja mwingine, kakilaza shavuni.

"Mbona unapima kwa shavu?" mzee akauliza.

"Vidole vyangu havisikii, mzee."

"Pole sana. Ajali?"

"Baridi."

"Aa," akasema yule mzee, akitikisa kichwa. "Baridi ya huku mbaya."

Uzi ulinikatikia mara mbili.

Mume wangu akaenda kuipima pikipiki yake kwa mita. Ilikuwa ndogo na imechoka, ilitoa wati themanini tu, na taa ya mbele peke yake ilikula thelathini na tano. Nikatega masikio. Safari hii umeme haukutosha kweli. Maneno yalikuwa mezani, ya kuokota tu, tena ya haki. Nilingoja ayaseme. Badala yake akamweleza kwamba taa ikibadilishwa, ikawekwa ya kisasa inayokula kidogo, zitapatikana za kutosha kizibao, ila glavu hapana. Asiwashe kizibao injini ikiwa imezimwa, na kwenye foleni akizime. Aje baada ya siku mbili.

Mchana, tukila, nilimuuliza kama naye amemsahau yule mzee.

"Nakumbuka," akasema.

"Basi?"

"Kizibao kikitoka hapa kibovu, jina linaloharibika ni langu."

Nikaosha vyombo kwa kelele ambayo majirani waliisikia.

Siku iliyofuata kitambaa cha yule mzee kililala mbele yangu, kikubwa, cha rangi ya majivu. Nilishona mgongo kama inavyotakiwa. Nilipofika kifuani, upande wa kushoto, niliupandisha mstari mmoja juu ya mwenzake. Ulikuwa mpindo mdogo tu. Ningesema sindano iliteleza. Nilimwona yuko katikati ya mlima, mikono yote miwili kwenye usukani, kifua kinaanza kunuka, na hakuna wa kumchomolea plagi. Nikafunga bitana. Nakiri moyo wangu ulikuwa mtulivu kabisa.

"Kimekwisha?" mume wangu akauliza kutoka mlangoni, mkono kaunyoosha. "Lete nipime."

Nikaliangalia shavu lake. Lilikuwa na vinyweleo vya jana, na chini ya jicho pana alama ndogo ya kuungua, ya miaka ile nilipokuwa bado najifunza.

"Bado," nikasema.

Nikafumua. Mtu asinipambe kwa wema nisiokuwa nao: sikufumua kwa huruma, wala kwa kumwogopa Mungu. Kungekuwa na njia nyingine ya kulikwepa shavu lile, kizibao kingeondoka vile vile. Nilinyoosha waya, vidole viwili, vidole viwili, kwa hasira ya kunyimwa haki yangu.

Nilipofungua kopo la vifungo kutafuta zipu, nikaiona ile barua yetu ya maombi chini yake, mahali ilipokaa miaka yote. Ndipo akili ikaniingia. Niliishonea kifuani, kati ya bitana na kitambaa kizito, wino mwekundu umeelekea moyoni. Waya niliupitisha juu yake na nyuzi nikazizamisha pembeni mwake pande zote nne, hata mtu akitaka kuitoa sharti aukate waya. Haiwezi kuungua, joto la kizibao halifiki hata nusu ya joto la pasi. Halafu nikampa mume wangu apime. Mgongoni alipita haraka. Kifuani, upande wa kushoto, shavu lilikaa muda mrefu kidogo. Akakikunja.

Mzee alikuja asubuhi ya tatu, na juu mlimani mawingu yalikuwa yameshika. Nilimvalisha mwenyewe, nikamfunga zipu kama nilivyozoea kufungia watu nguo. Mume wangu akachomeka plagi, injini ikanguruma. Baada ya dakika chache yule mzee alifumba macho na kushusha mabega, na alinishukuru, akaniita mwanangu. Kisha akainama kushika usukani, na kifua kikalia, kama gazeti linalokunjwa.

"Kuna nini humu?" akauliza.

"Barua yako," nikasema.

"Barua gani?"

Nikamsomea kwa kichwa. Nilianza na tarehe, nikaja kwenye wati mia na themanini, nikamalizia na wino mwekundu, polepole, ili asikose neno. Nikamwambia sahihi pia imo. Alimgeukia mume wangu, akautazama mkono, akautazama uso, na nililiona jina likimrudia. Hakusema pole. Pole aliyokuwa nayo alishaitumia juzi kwa mtu asiyemjua.

Alishika zipu, akaifungua mpaka tumboni. Upepo wa mlimani ukaingia. Akasimama hivyo kidogo, kifua wazi, kisha akaipandisha tena mpaka shingoni.

"Na nikitaka itolewe?" akauliza, sauti ya chini.

"Andika barua ya maombi, mzee. Ueleze sababu."

Akapanda pikipiki. Kwenye tuta la kwanza aliinama, na hata kwa mbali nilijua kifua kimemlilia. Sikuweza kumtazama mume wangu. Kwa miaka yetu yote hajawahi kunikemea mbele ya kazi, na nilidhani siku imefika. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mfukoni, anaufuata kwa macho ule mkia wa waya ukipotea konani.

"Jasho litafuta wino," akasema. "Ungeifunga nailoni."

"Nimeifunga," nikamwambia. "Mara mbili."