Keki ya Karoti Iliyogoma Kuumuka

Jumamosi hiyo jirani wa chini alinigongea mlango akaniuliza kama ninaponda kokoto humu ndani.

Nilisimama pale na aproni ya marehemu mke wangu, unga hadi kwenye nyusi.

"Naoka keki," nikamjibu.

Akanitazama kama mtu aliyesalimiwa na mbuzi.

Mimi ni fundi saa. Maisha yangu ni bisibisi ndogo na vijigurudumu. Jikoni nilijua njia ya kwenda kwenye birika, basi.

Lakini tangu mke wangu afariki, miezi minane sasa, Jumamosi zilikuwa zinanimeza mzimamzima. Zamani nikirudi kutoka kazini saa tisa nakuta keki ya karoti mezani, laini, inateremka yenyewe kooni. Nakula, nasoma gazeti langu, siku imeisha.

Sasa narudi nakuta meza. Meza tu.

Nikaamua kujiokea. Ya kwanza, tofali. Ya pili, tofali. Ya tano iliniponyoka ikaangukia sinki, sinki ndiyo ikalia.

Ya sita nikasema hapa tatizo ni uvivu wangu. Nikakoroga nusu saa nzima, mwiko unagonga bakuli, bega linawaka moto. Ndipo jirani akapanda.

Huyu mama anaoka keki za kuuza. Miaka tisa tunapishana kwenye ngazi, "habari", "nzuri", kila mtu na hamsini zake.

Akaingia bila kukaribishwa, akainua mwiko. Rojo likavutika kama gundi.

"Shemeji, umeuua huu unga."

Shemeji? Tangu lini?

"Ukishatia unga, koroga kidogo tu, mpaka usiuone. Ukizidisha, keki inakaza. Na hizi karoti mbona zinaogelea? Hukuzikamua maji?"

"Mke wangu alikuwa anakoroga sana," nikajitetea. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumwona akikoroga.

Mama akashusha mwiko taratibu.

"Shemeji, ile keki ilikuwa yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kila Jumamosi ukishatoka, alikuwa anashuka kwangu. Kununua keki ni dakika moja. Yeye alikuwa anakaa mpaka saa nane."

"Anafanya nini?"

"Anaongea."

Nikatafuta kiti.

"Mimi alinisemaje?"

"Kwamba wewe ni mtu mwema. Ila hujawahi kumuuliza siku yake imekwendaje."

Miaka ishirini na sita ya ndoa. Nilitafuta kichwani hata mara moja tu. Sikuipata.

Nilidhani upweke uliingia nyumba hii siku tuliyomzika. Kumbe ulikuwemo siku zote, ila mwenye kuubeba alikuwa yeye.

Tulianza upya, mimi na yule mama. Karoti tukazikamua, unga tukaukoroga kidogo. Keki ikaumuka vizuri kabisa. Nilikula kipande kimoja tu.

Alipoondoka nikampigia binti yangu wa pekee, anayefanya kazi mji mwingine.

"Mwanangu, siku yako imekwendaje?"

"Baba, unaumwa?"

"Hapana. Nauliza tu."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Subiri nikae," akasema.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu humo nyumbani mwako, muulize leo, umsikie kwa kinywa chake. Mimi habari za mke wangu nimezipata kwa jirani.