Viazi Vilivyoozea Uani

Leo nimefunua sufuria ya maharage niliyoisukumia chini ya meza wiki iliyopita, nikisema nitaiosha kesho. Ukungu umeota manyoya. Harufu imenipiga, nikajionea kinyaa, kisha nikauona tena ua wa kwetu, enzi za utoto wangu.

Mama alikuwa amechimba viazi vya michembe, wiki chache baada ya kumzika mdogo wangu mchanga. Usukumani viazi vya michembe havingoji: unavikata vipande, unavianika juani, vinakuwa akiba ya kiangazi. Mama alikaa mbele ya lundo, kisu mkononi, asikate hata kimoja.

"Kesho," alisema. Kesho yake akasema hivyo hivyo.

Vikaanza kutoa maji meusi, mazito kama kamasi. Nilikanyaga kimoja, kikapasukia katikati ya vidole vyangu vya miguu, funza wakatoka.

Shangazi, dada yake baba, alikuja akaziba pua kwa kanga. "Wifi, uvivu gani huu? Watoto watakula nini kiangazi?"

"Si uvivu, wifi," mama alijibu polepole. "Nikishika kisu, mkono unakuwa mzito."

Shangazi akasonya. Nami nikasonya vilevile, nikatema mate mbele ya mama yangu mzazi, nikahamia kwa bibi.

Sasa binti yangu amesimama mlangoni. Ameiona sufuria, ameniona nilivyoduwaa na kifuniko mkononi. Hajaziba pua.

"Mama," ameniuliza, "unaumwa?"