Sori ya Kwetu

Kazi ya Kerubo ilikuwepo kwa sababu ndege huchoka. Ndivyo alivyowaeleza watu wa nyumbani Nyamira walipomuuliza kwenye simu anafanya nini hasa huko Doha. Watu wa Sydney na Melbourne wakitaka kwenda London au Roma, alisema, hawafiki kwa mruko mmoja. Lazima washuke hapa wabadilishe ndege, na kati ya ndege moja na nyingine kuna kumbi ndefu ambazo magoti ya kizee hayaziwezi. Hapo ndipo yeye anapoingia na kiti chake cha magurudumu.

Na aliipenda kazi hiyo, tusimwonee. Kila bibi kizee kwake alikuwa Shosho, awe Mzungu, awe Mhindi, na akishamwita hivyo alimpiga soga mpaka mlangoni mwa ndege ya pili. Baadhi ya Wazungu walidhani Shosho ndilo jina lake yeye, wakawa wanamwita hivyo wakimuaga, naye anaitika bila wasiwasi. Aliyechekeshwa sana na mambo hayo ni Chebet, Mkalenjin wa Kapsabet waliyefanya naye kazi na kulala naye chumba kimoja kule Muaither, kwenye mabweni ya wafanyakazi, Chebet kitanda cha juu, Kerubo cha chini.

Kisha ikaja ile habari. Kampuni ya ndege ya huko Australia ilikuwa inatengenezewa ndege ya kutoka Sydney hadi London bila kutua popote, karibu siku nzima angani. Aliyeileta alikuwa Levis, askari wa lango la mabweni, ambaye kundi la simu la Wakenya wa Muaither lilimtegemea kwa kila uvumi. Ndani ya basi la kampuni watu wakacheka kwanza. Nani atakaa kitini muda wote huo, miguu si itavimba? Lakini msimamizi wao Marvin, Mfilipino asiye na maneno mengi, hakucheka. Aliwaambia asubuhi moja kwamba wazee wakianza kuruka moja kwa moja, viti vitabaki vitupu, na viti vikibaki vitupu kuna watu watakaorudi kwao. Atakayekosea ndiye atakayetangulia.

Tangu siku hiyo Kerubo hakulala vizuri. Mdogo wake Terry alikuwa chuoni Kisii, na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kutegemewa.

Asubuhi ya tukio, ndege ya Sydney ilileta wazee wengi kuliko wahudumu. Siku za namna hiyo wazee hukusanywa pamoja na kila mhudumu humchukua aliye karibu naye, bila mtu kuuliza nani kamchukua nani. Kerubo akamchukua bibi mmoja mwembamba aitwaye Ann, anayekwenda Uingereza kumwona dada yake. Walipofika kwenye mteremko mdogo kabla ya lifti, Shosho Ann akasema kwa furaha, "Safari ijayo sitawasumbua, binti yangu. Nitaruka moja kwa moja. Mifupa yangu imechoka na hii shukashuka."

Maneno hayo yakamchoma. Papo hapo simu ikatetemeka mfukoni: Levis tena. Kerubo akaiachia mikono ya kiti, akasogea pembeni, akasoma. Ndege ile, Levis aliandika, inakuja kweli, jamani, tujipange. Breki hakuifunga. Kiti kikateremka polepole, kisha si polepole tena, kikagonga nguzo, na Shosho Ann akaanguka kifudifudi, mkono ukiwa chini yake.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Chebet, aliyekuwa anapita na kiti kitupu. Akapiga magoti, akamshika bega. "Sori, Shosho. Sori sana. Woiye, sori." Kerubo akafika nyuma yake, simu imesharudi mfukoni, naye akaonekana kama mtu aliyekuja kusaidia.

Mkono wa Shosho ulikuwa umevunjika. Kabla hajapelekwa hospitali alimwomba Marvin jambo moja: yule binti aliyemwomba msamaha asiadhibiwe, kwa sababu alikuwa na roho nzuri. Aliyemsukuma alikuwa nyuma yake njia nzima, hivyo alidhani ni huyo huyo aliyempigia magoti. Alitaka kumwokoa mtu. Ndipo alipomtia Chebet matatani, bila kujua.

Kamera zilionyesha umati na migongo ya sare zinazofanana, basi. Marvin akawaita wote wawili ofisini.

"Kama si wewe uliyekuwa na kiti," alimuuliza Chebet kwa Kiingereza, "mbona uliomba msamaha?"

"Sikuomba msamaha, bosi. Nilisema sori tu."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Hapana. Kwetu mtu akianguka unamwambia sori, hata kama wewe uko ng'ambo ya barabara. Ni kumwonea huruma. Ni pole." Chebet akageuka, uso wake una matumaini. "Muulize Kerubo. Atakwambia."

Marvin akamtazama Kerubo. "Ni kweli? Kwenu mtu husema sori bila kukosa?"

Kulikuwa na jibu moja tu, na mtoto yeyote wa Kenya angelitoa akiwa usingizini. Asubuhi ile ile Kerubo mwenyewe alikuwa amemwambia sori dereva wa basi aliyejikwaa ngazini. Lakini aliona swali litakalofuata limesimama mlangoni: kama si Chebet, ni nani? Akamwona Terry kwa jicho la moyo.

"Sori ni sori, bosi," akasema.

Chebet hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Kerubo kuliko yote. Alimtazama tu kwa mshangao, kama anayedhani mwenzake hakulielewa swali. Kufikia mchana ilikuwa imeamuliwa: Chebet angerudi Kenya kabla ya wiki kwisha.

Jioni yake, chumbani Muaither, Chebet alikuwa anakunja nguo zake juu ya kitanda cha Kerubo, kwa kuwa cha juu hakikutosha kuweka sanduku. Alikuwa ametengeneza chai ya watu wawili, kama kawaida. Kerubo alikaa na kikombe mikononi bila kunywa. Roho ilimsuta tangu ofisini, ikamsuta ndani ya basi, na sasa ilimsuta mbele ya chai aliyotengenezewa. Alijiona mtu mchafu. Machozi yakaanza kumtoka.

Chebet akaacha nguo, akaja kukaa karibu naye. "Aki usilie," akasema. "Mimi nitafika nyumbani salama. Pole, Kerubo. Pole sana."

Pole alipewa yeye! Alifungua mdomo ili ajibu pole na wewe, maana ndivyo mtu hujibu, na ulimi ukakataa. Neno hilo ni la mtu ambaye mkono wake haumo. Ukishakuwa umemwangusha mwenzako, kwa Kiswahili kuna neno jingine, na hakuna Mkenya anayeyachanganya.

"Samahani, Chebet," akasema.

"Ati?"

"Samahani."

"Samahani ya nini na si wewe..." Kerubo aliona uso wa Chebet ukibadilika taratibu. "Shosho alikuwa na wewe."

"Nilikuwa nasoma meseji ya Levis. Ile ya ndege. Sikufunga breki."

"Na pale kwa Marvin? Nilikuomba umwambie tu maana ya sori."

"Nilijua. Nilijua, nikamdanganya."

Chebet akainuka, akarudi kwenye sanduku. Hakupiga kelele wala hakulia. Alishika blauzi aliyokuwa amekwisha kuikunja, akaikunja tena. "Mimi nimesikia," akasema bila kugeuka. "Sasa si mimi wa kuambiwa."

Kerubo akaiacha chai, akavaa tena sare, akapanda basi la watu wa zamu ya jioni. Njia nzima aliomba gari liharibike, na gari likaenda vizuri kabisa. Marvin alikuwa anafunga mlango wa ofisi alipomwona.

"Sori, bosi," Kerubo akasema.

Marvin alikuwa amechoshwa na neno hilo kwa siku moja. Akazitoa funguo mlangoni.

"Hiyo ni ipi sasa?" akauliza. "Ya kwenu au ya kwetu?"

"Ya kwenu, bosi," Kerubo akajibu. "Kile kiti nilikuwa nacho mimi."